Ngozi Huulizwa Kwanza

Nachingwea, Jumatano mchana

Salima mwanangu,

Sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba aliyekuunguza shavu mara ya pili ni mimi. Mara ya kwanza ilikuwa pasi, na hiyo kila mtu anaijua. Mara ya pili watu wote wanajua ni bibi yako, kwa mafuta yake ya ufuta. Hata yeye mwenyewe anajua hivyo. Mimi ndiye niliyemjulisha.

Nimeandika hayo nikainuka kuchungulia mlangoni. Hakuna mtu. Mmekwenda sokoni, wewe na bibi yako na mjomba wako, kununua chumvi na sabuni za kurudi nazo kijijini kwetu Narung'ombe. Kesho alfajiri lori litawapitia, nawe utaondoka nalo. Umeachishwa ziwa mwezi uliopita, na mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake akasahau. Hata mimi nilipelekwa kwa bibi yangu. Tena mwezi ujao naanza kujifunza uuguzi, na bwenini kwa wanafunzi hawapokei mtoto. Kwa hiyo barua hii hutaisoma leo wala mwaka ujao. Nilikusudia kuishonea ndani ya mto wako, uje kuikuta siku umejua kusoma, mimi nikiwa mbali.

Mambo ya kula na kulala siandiki. Bibi yako amelea watoto sita, mimi nina miaka kumi na minane na nimelea mmoja, tena unaona nilivyomlea.

Mimi ni mtu wa haya, Salima. Shuleni mwalimu alikuwa akiniambia, "Mwajuma, inua sauti, hakuna atakayeila." Nikiandika ninaweza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Nikifungua mdomo, maneno yanarudi ndani kama kobe. Usije ukadhani nakuandikia kwa sababu nina hekima. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na mkono wangu una ujasiri zaidi kidogo kuliko mdomo.

Ile pasi nilikuwa nanyoosha magauni ya memsahibu niliyemfanyia kazi, mke wa injinia wa matrekta ya mashamba ya karanga. Niliiweka chini kwenye tofali, nikatoka kuongeza makaa. Wewe ulikuwa ndio kwanza umejua kutambaa. Uliposikia kuna joto ukadhani ni mtu, ukaegemeza shavu. Kilio chako kilinikuta mlangoni na makaa kwenye koleo.

Bibi yako alipopata habari alikuja na lori la mihogo, amekaa juu ya magunia, na kibuyu chake kifuani. Alisubiri siku nyingi kwanza, mpaka kidonda kikauke na ngozi mpya ifunge. Ndipo akatoa kibuyu. Huko kwetu yeye ndiye anayeitwa kupaka mafuta watoto wachanga siku wanapotolewa nje, na wasichana wanapotolewa unyagoni. Ufuta anaukaanga kidogo, anautwanga mwenyewe, anaukanda na maji ya moto mpaka mafuta yapande juu, anayaengua na kuyatia kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Hampi mtu mwingine kazi hiyo hata akiumwa.

Ila hakuanza na shavu. Alidondosha tone moja nyuma ya goti lako, akakaa. Jua likazama mara moja, likazama mara ya pili, ndipo akatazama tena pale nyuma ya goti.

Nikamwambia, "Mama, si mafuta yaleyale uliyonipaka mimi? Unasubiri nini?"

"Wewe ni wewe," akasema. "Huyu ana ngozi yake, na baba yake katoka kwingine. Ngozi huulizwa kwanza. Ikinyamaza, imekubali." Halafu akakuinua mbele ya uso wake. "Au siyo, mke mwenzangu? Mama yako ana haraka kama matrekta yao."

Ukacheka. Akakupaka, kila asubuhi, akianzia unyayoni na kumalizia kwenye lile kovu, kwa ncha ya kidole kidogo. Kovu halikuondoka. Lakini lililainika, na wewe ulikuwa ukimuona anashika kibuyu unanyoosha miguu mwenyewe.

Mimi nilitaka liondoke. Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa ujinga. Nilikosea kwa kusoma.

Memsahibu alikuwa na kichupa kipana mezani pake, kina kifuniko cha buluu. Nilikuwa nikikifuta vumbi kila siku. Kimeandikwa kwamba krimu iliyomo ina vitamini E. Siku moja nilijitahidi nikamuuliza, akafurahi kwamba najua kusoma. Akanieleza kuwa vitamini ziko nyingi, zinaitwa kwa herufi, na hii ya E inakamuliwa kwenye kiini cha ngano. "Inalisha ngozi, inaondoa mikunjo, inafuta makovu," alisema, huku anajipaka chini ya macho. Jioni ile nilikutazama umelala, shavu lile kuelekea juu. Kwenye kibuyu cha bibi yako hapakuwa na herufi hata moja.

Nikaanza kuiba. Ncha ya kidole leo, ncha ya kidole kesho, naweka kwenye kikopo kitupu cha ugoro. Kichupa kikaanza kupungua, nikaogopa, nikafanya jambo ambalo hata leo sijui nicheke au nilie: nilichukua mafuta ya ufuta ya bibi yako, nikamimina humo, nikakoroga kwa kijiti.

Memsahibu akajipaka. Akasimama mbele ya kioo. "Joto la hapa limelainisha krimu yangu," akasema. "Afadhali hivi! Hebu tazama, Mwajuma, si nang'aa?"

"Unang'aa, memsahibu," nikasema. Na kweli aling'aa. Miezi miwili memsahibu wa Nachingwea alikuwa aking'aa kwa ufuta wa Narung'ombe, na mwenye ufuta yuko nyuma ya jikoni anakuogesha.

Kikopo kilipojaa ndipo nikakupaka wewe ile krimu, mchana, bibi yako akiwa kisimani. Sikuanza nyuma ya goti. Kitu kilichoandikwa kitaulizwaje? Niliipaka moja kwa moja kwenye kovu, asubuhi ufuta wake, mchana krimu yangu, na nikawa nahesabu siku za kovu kuisha.

Siku ya nne shavu likawa jekundu. Siku ya tano lilijaa malengelenge, yakapanda mpaka chini ya jicho, jicho likafumba. Uso wako ulikuwa kama umeegemezwa pasi upya. Bibi yako alikutupa mgongoni akaanza kwenda hospitalini, mimi nyuma yake nakimbia nusu, natembea nusu.

Daktari alikuwa Mzungu mgeni, Kiswahili chake hakijafika mbali. Akauliza kwa Kiingereza, "Mtoto amepakwa nini?"

"Anasemaje?" bibi yako akaniuliza kwa Kimwera.

Salima, daktari yule alikuwa akila chakula cha Jumamosi nyumbani kwa memsahibu. Nilikuwa nikiwahudumia mimi. Nikitaja krimu ataijua imetoka wapi. Nikasema kwa Kiingereza, "Bibi yake anampaka mafuta ya ufuta." Hilo lilikuwa kweli.

"Na kitu kingine?"

"Hakuna kingine," nikasema.

Daktari akamgeukia bibi yako, akamnyooshea kidole, akasema mengi kwa ukali. Sikumlaumu, alikuwa anamtetea mtoto. Bibi yako akasimama pale na upande wa kanga umelowa usaha wako.

"Mbona kakasirika? Anasemaje, mwanangu?"

Ningeweza kumwambia lolote. Katika chumba kile, mimi peke yangu ndiye niliyesikia pande zote mbili. Sijawahi maishani mwangu kusubiriwa hivyo na watu wazima wawili kwa mara moja, macho yote kwenye mdomo wangu, mimi ambaye shuleni nilikuwa siinui mkono. Nikamwambia kwa Kimwera, taratibu, "Anasema ni mafuta yako, mama."

Hakubisha. Ningependa angebisha. Tulipofika nyumbani alichomoa gunzi, akamwaga mafuta yote jalalani, akasimama kuyatazama mpaka sisimizi wakaja. "Nimepaka watoto wa watu miaka yote hii," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Nani anajua nimewafanya nini." Kesho yake akatafuta lori, akaondoka. Kibuyu alikiacha.

Labda utanitetea, utasema mama hakujua, alidhani kweli ni ufuta. Nilijaribu kulidhani hilo. Ndipo nikafanya lile baya kuliko yote. Ulipopona, kwenye kikopo cha ugoro ilikuwa imebaki krimu kidogo, na bibi yako alikuwa Narung'ombe, tone lake moja halipo tena nyumbani. Nikakupaka, shavuni palepale. Nilitaka iwe salama, ili mwenye kosa awe yeye.

Siku mbili tu, malengelenge yakarudi.

Nilikufungia ndani siku tano. Jirani akibisha hodi namwambia una surua, usije ukaambukiza watoto wake. Nilikuosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, usiku nasikiliza unavyopumua, nasema, Mungu wangu, jicho lake tu, jicho lake usilichukue. Hukupoteza jicho. Tangu siku hizo nikisikia mtu anakuja mlangoni nachungulia kwanza, hata akiwa mbuzi.

Sijui kilichokukataa ni nini. Huenda ni hiyo vitamini yenyewe, huenda ni manukato, huenda ni kitu kingine walichochanganya humo. Mimi mwenyewe nilijipaka mkononi, ngozi yangu ikanyamaza. Ya memsahibu ilinyamaza. Yako ilipiga kelele mara mbili na mimi nikaiziba mdomo. Baadaye, kwenye gazeti moja la picha la memsahibu, nilisoma kuwa vitamini E hiyohiyo imo pia katika mafuta ya mbegu nyingi, na karanga wakazitaja. Nilikaa chini na lile gazeti. Dirishani kulikuwa na mashamba ya karanga hadi macho yanapochoka. Sisemi ufuta wa bibi yako ungelifuta kovu. Kovu unalo, utaliona kwenye kioo. Wala usije ukakimbia dawa za hospitali kwa sababu yangu, maana hizo ndizo ninazokwenda kujifunza. Nasema tu kwamba bibi yako aliuliza, na mimi sikuuliza.

Matrekta yalipoanza kupunguzwa, baba yako, aliyekuwa akiyaendesha, alihamishiwa nayo Kongwa, na memsahibu akafungasha kurudi kwao. Siku ya kuniaga alinipa kichupa kipya, kifuniko cha buluu, hakijafunguliwa. "Kwa kovu la mtoto," akasema. "Ungeniomba tu, Mwajuma." Sijui alikuwa anajua nini. Nilipokea kwa mikono miwili, nikaenda kukiweka juu ya sanduku.

Nimesikia miguu. Nimeitia karatasi chini ya mkeka, nikaikalia. Alikuwa jirani, anataka kuazima kinu. Amesema, "Mbona unatoka jasho, mama Salima? Au ndio uchungu wa kutengana na mtoto?" Nikasema ndiyo. Nayo ni kweli, lakini unaona ninavyopenda kweli ya namna hiyo.

Sasa nikwambie ya jana, maana hayo ndiyo yanayoniogopesha leo.

Mlipokula, mjomba wako alikuwa anamtania bibi yako. "Mama siku hizi amekuwa bwana mkubwa," akasema. "Mtoto wa jirani alitolewa nje juzi, wamekuja kumwita, kakataa. Wakaenda kutafuta mpakaji mpaka Nandagala! Watu wanasema labda anasubiri apelekewe gari."

"Kula ugali wako," bibi yako akamwambia. Mjomba akacheka peke yake. Yeye hajui. Nilitazama mikono ya bibi yako. Tangu ameshuka kwenye lori ameifungia ndani ya kanga, kama mtu mwenye baridi. Amekubeba, amekulisha, uso wako hajaugusa.

Baada ya kula ukamwendea, ukanyoosha mguu ukauweka mapajani pake. Sijui ulikumbuka au ni mchezo tu. Akautazama ule mguu muda mrefu, kisha akaushusha chini polepole.

"Mwajuma," akaniita. "Mfungashie na yale mafuta yako ya kichupa. Nimeyaona pale juu ya sanduku. Kipupwe kinakuja, huyu atapauka. Nitampaka hayo, mwili mzima, kila asubuhi. Yangu sitaki tena, nisije nikafungwa."

Nikamuuliza, "Utaanza na nyuma ya goti, mama?"

"Ya nini?" akasema. "Yako yana maandishi."

Nikamjibu, "Sawa, mama."

Ndivyo nilivyomjibu! Nikakichukua kichupa nikakitia kwenye furushi lako, kati ya magauni mawili. Nikalala karibu yako hadi kukakucha, naona krimu ile ikipakwa mwili mzima, unyayo mpaka paji la uso, kwa mikono ile inayojua kupaka kuliko mikono yote, na huko hakuna hospitali ya karibu.

Asubuhi mlipotoka nilikichomoa. Nikakishika juu ya jiwe la kufulia nikivunje, nimwambie kimeniponyoka. Ni rahisi sana, uongo mdogo tu, wewe ungepona. Mkono ulikuwa umeshainuka. Nikakumbuka mguu wako ulivyoshushwa. Nikivunja kichupa nikanyamaza, wewe utakuwa salama na mikono ya bibi yako itabaki ndani ya kanga mpaka azikwe nayo. Utakua kwa mtu anayekupenda na anayeogopa kukugusa, na hutajua kwa nini, utadhani ni kovu lako.

Sikukivunja. Kiko hapa mbele yangu. Kibuyu nacho nimekishusha kutoka ukutani, kina vumbi tu ndani.

Nikisema, sijui nini kitatokea. Anaweza kukataa kukuchukua, na mimi bweni halikupokei. Anaweza kunisamehe mbele yako na asinisamehe ndani. Mjomba wako ndiye msemaji wa ukoo, ataita watu, nitakalishwa katikati nisimulie kwa sauti, mimi. Na ikifika hospitalini kwamba niligeuza maneno mbele ya daktari, nani atanipa mgonjwa nimsikilizie? Nafasi yangu ya uuguzi itakuwa imekwisha kabla sijavaa gauni lao. Kila ninapoandika mstari mmoja naona mlango mmoja unafungwa.

Nilikuwa nimepanga usome wewe kwanza, baada ya miaka mingi, ukiwa mkubwa na mimi nikiwa mama mtu mzima. Nilidhani huo ndio ujasiri. Sasa nimeusoma mwanzo wa barua hii naona ni kikopo kingine cha ugoro. Ningekuwa nimekufungashia uongo wangu uutunze kwenye mto, ulalie kichwa, hadi anayeumia awe ameshakufa.

Nawasikia. Mko kwenye njia ya kisima. Bibi yako anakwambia, "Tembea mwenyewe, mke mwenzangu, mimi si baiskeli yako," na wewe unacheka, na mjomba amebaki nyuma anasalimiana na watu. Herufi hizi zimepinda, utanisamehe.

Bibi yako hajui kusoma. Nitamsomea. Sitamsomea kwa Kiswahili hiki, nitaigeuza kwa Kimwera, mstari kwa mstari, na safari hii nitageuza lililoandikwa. Barua ni yako, Salima, lakini usisikie vibaya, atakayetangulia kuisikia ni yeye.

Anakung'uta miguu nje. Karatasi iko mapajani, mkeka uko mbali, sinyooshi mkono. Kivuli chake kimeingia.

Ameniuliza naandika nini.